Akigeuzwa, atatoboa? Marlin Briscoe na swali la masapota

Wale wenye kunijua wanangoja niandike juu ya mihogo na ugonjwa wa mozaiki. Leo hapana. Leo nataka tuongee historia, tena historia ya mchezo ambao hapa kwetu sijaona mtu anaucheza: ule mpira wa Marekani wa kuvaa kofia ngumu na kugongana sawa vile mbuzi dume. Mwenye kuona ni kupoteza megabaiti, aruke. Mwenye kuvumilia ataona kwa nini nimeuleta hapa.

Ilianza hivi. Yaya wangu anaishi Ohio, anafanya kazi ya usiku katika depo. Kila mwezi wa 8, timu zikianza mazoezi, ananitumia sauti kwenye WhatsApp, dakika 6, dakika 7, anagombana na wenzake wa kazini kupitia masikio yangu. Na kila mwaka ugomvi ni ule ule, majina tu ndiyo yanabadilika. Kuna kijana. Chuoni alikuwa anacheza nafasi nyingine, timu imemchukua, imemgeuza kuwa mpokeaji. Ana mbio, ana mwili, mazoezini anadaka mipira ya ajabu. Basi upande mmoja unasema mwaka huu ni wake, atatoboa. Upande wa pili unasema: "Ah, achaneni naye, huyu hatakuwa mpokeaji hata siku moja, mumpe kazi ya kubeba maji." Yaya ananiuliza mimi, mtu wa shamba, niko upande gani. Kwanza nilicheka. Kisha nikaanza kusoma historia, na kucheka kukapungua.

Tuelewane kidogo juu ya mchezo wenyewe. Timu inapewa nafasi 4 za kusogeza mpira yadi 10, ni kama mita 9 hivi. Ikifaulu inapewa 4 nyingine. Mtu anayeamua kila kitu ni kwotabeki: mpira unaanzia mikononi mwake, anasoma walinzi wamesimama namna gani, anarusha ama anampa mwenzake akimbie nao. Mpokeaji ni yule anayetumwa mbele kuudaka. Ukiangalia kwa macho ya mgeni, utasema kazi ya mpokeaji ni kukimbia na kudaka, basi. Kumbe sivyo. Kwotabeki mzuri anaachia mpira kabla mpokeaji hajageuka. Maana yake wote wawili wanapaswa kujua kwa hesabu ya hatua: hatua 5, kata ndani, hatua 12, rudi nyuma. Ukikosea hatua 1, mpira unaangukia mikononi mwa adui. Na juu ya hiyo kuna mlinzi amesimama usoni pako, kazi yake ni kukusukuma ili hesabu yako iharibike. Mbio haitoshi kwa hiyo.

Kwetu tunaojua futiboli ya miguu, jambo la kugeuzwa nafasi si geni. Thierry Henry alifika Arsenal mwaka 1999 akitoka pembeni, Wenger akamweka katikati mbele, na dunia nzima iliona. Gareth Bale alianza kama beki wa kushoto. Lakini kwa Henry na Bale kugeuzwa kulikuwa kusogezwa mbele, kwenye utukufu. Katika mpira wa Marekani, kwa miaka mingi, kumgeuza kwotabeki kuwa mpokeaji kulikuwa na harufu nyingine kabisa. Na hapa njo inaingia habari ya Marlin Briscoe.

Briscoe alizaliwa mwaka 1945 huko Oakland, California, akakulia Omaha, Nebraska. Hakuwa mtu mkubwa: urefu wake kama mita 1.78, na kwa mchezo ule huyo ni mtoto. Alikuwa kwotabeki wa chuo kikuu cha Omaha, chuo kidogo, na kwa namna alivyokuwa anawaponyoka watu walimwita Mfanya-mazingaombwe. Mwaka 1968 timu ya Denver Broncos, ikiwa bado katika ligi ya AFL, ilimchagua kwenye drafti, ile siku timu zinachukua vijana wa vyuo kwa zamu. Ilimchagua raundi ya 14. Tena haikumchagua kama kwotabeki. Ilimwandika mlinzi wa pembeni. Unajua sababu? Alikuwa mweusi. Wakati ule wakubwa wa timu hawakumwona mtu mweusi kuwa mtu wa kuongoza. Aliweza kukimbia, aliweza kugonga, aliweza kuruka. Kusoma mchezo na kuamuru wenzake 10, hapana.

Sasa sikilizeni huyu kijana alivyofanya, juu inatuhusu sisi wenye diplome. Briscoe alikuwa na shahada ya ualimu. Hakuwa na wakala, alijiongelea mwenyewe. Aliwaambia Denver: nipeni siku 3 za majaribio kama kwotabeki, mbele ya watu na waandishi, la sivyo narudi Omaha kufundisha shule. Hakupiga magoti kuomba. Alikuwa na mlango wa kutokea, na alijua anao. Wakakubali. Alijaribiwa, alirusha vizuri, wakamrudisha kwenye ulinzi vile vile. Lakini watu walikuwa wameona.

Halafu msimu ulianza vibaya kwa Denver. Kwotabeki wao Steve Tensi aliumia. Tarehe 29 Septemba 1968, wakicheza na Boston Patriots na wako nyuma, kocha Lou Saban alimwita Briscoe katika robo ya mwisho. Mpira wake wa kwanza ulipata mtu, yadi 22. Baadaye aliendesha timu yadi 80 uwanja mzima, na yadi 12 za mwisho alikimbia mwenyewe mpaka mwisho wa uwanja. Denver walipoteza ile mechi, 20 kwa 17, lakini wiki iliyofuata, tarehe 6 Oktoba, Briscoe alianza mechi. Hakuna mweusi aliyekuwa ameanza kama kwotabeki katika ligi kubwa ya kulipwa enzi hizo za kisasa. Alimaliza msimu na mipira 14 ya tachidauni, yaani mara 14 alirusha mpira ukazaa pointi 6. Kwa mgeni wa mwaka wa kwanza, katika timu dhaifu, hiyo ni kazi kubwa.

Ungefikiri mwaka 1969 angepewa timu. Alirudi Denver akakuta wameshaleta kwotabeki mwingine kutoka Kanada, Pete Liske. Na Briscoe mwenyewe alisimulia baadaye alivyogundua kwamba mikutano ya makwotabeki inafanyika na yeye hakuitwa. Wale waliofanya kazi biro wanajua hiyo namna. Hawakufukuzi. Wanaanza kukutana bila wewe, na siku moja unaona mlango umefungwa na wenzako wako ndani. Aliomba aachiliwe, wakamwachilia.

Alitua Buffalo. Huko Buffalo Bills walikuwa na Jack Kemp, ambaye baadaye aliingia siasa na mwaka 1996 aligombea umakamu wa rais wa Marekani. Walikuwa pia na kijana mweusi mpya aliyetoka chuo cha Grambling, James Harris, naye kwotabeki. Nafasi haikuwepo. Wakamwambia Briscoe: utakuwa mpokeaji. Umri wake ulikuwa miaka 23, anakaribia 24. Hakuwa amecheza nafasi hiyo maishani mwake.

Hapa turudi kwenye swali la masapota. Weka wewe uko Buffalo mwaka 1969, unakunywa bia na wenzako. Kuna kijana mfupi, alikuwa kwotabeki Denver, ametupwa, amegeuzwa mpokeaji kiangazi hiki hiki. Atatoboa? Mimi ningesema hapana. Ninyi pia mngesema hapana, msinidanganye. Mwaka ule wa kwanza alidaka mipira 32, yadi 532, tachidauni 5. Si mbaya, si ajabu. Mwaka wa pili, 1970, ligi zikiwa zimeungana kuwa NFL moja, alidaka 57 kwa yadi 1,036 na tachidauni 8, akaitwa kwenye mechi ya nyota, Pro Bowl. Enzi hizo msimu ulikuwa mechi 14 tu, siyo 17 kama leo, na walinzi waliruhusiwa kumpiga mpokeaji njiani karibu wapendavyo. Na Buffalo yenyewe ilishinda mechi 3 tu mwaka ule! Yadi elfu moja ndani ya timu kama ile ni sawa na kuvuna tani nzuri kwenye shamba ambalo mvua imelikataa.

Juu ya nini alitoboa haraka hivyo? Mimi naona jibu liko katika kile alichokuwa nacho kabla. Kwotabeki anajua sababu ya kila njia ambayo mpokeaji anakimbia. Anajua mlinzi akisimama hivi, nafasi itafunguka pale. Briscoe hakuwa mwanafunzi mpya wa mchezo, alikuwa mwanafunzi mpya wa mikono na miguu tu. Sisi watu wa fakilte ya kilimo tunajua kitu kinachofanana. Ukikata mti mkubwa wa avoka na kupandikiza tawi la aina nyingine, ile tunaita grefe, mwaka wa kwanza watu wa kijiji wanakucheka, umeharibu mti. Lakini mizizi iko tayari chini. Ikishika, mti unazaa mapema kuliko mche uliopandwa siku ile ile. Isipokamata, umepoteza vyote viwili, tawi na mti.

Kuna kichekesho kichungu cha kumalizia habari ya Buffalo. Mwaka 1972 Buffalo walimleta kocha mpya, na kocha mpya alikuwa nani? Lou Saban, yule yule wa Denver. Briscoe akapelekwa Miami. Sijui kama Saban alimfanyia wema bila kutaka, juu mwaka ule ule Miami Dolphins walishinda mechi zote, 17 kwa 17, mpaka Super Bowl ya Januari 1973. Mpaka leo hakuna timu nyingine ya NFL iliyomaliza msimu na fainali bila kupoteza hata mechi moja. Mwaka uliofuata wakachukua tena. Briscoe alikuwa na pete 2.

Nitasema pia upande wa giza, kwa sababu historia ya kusifu tu ni tangazo la biashara. Baada ya kustaafu Briscoe aliingia kwenye madawa ya kulevya huko California, akapoteza pesa, akafungwa, na zile pete 2 alikuwa ameziweka rehani benki, zikauzwa. Alitoka humo. Alisimama tena, akafanya kazi na vijana huko Long Beach. Alikufa Juni 2022, miaka 76. Alisema mara nyingi kwamba jeraha lake lilikuwa Denver: kufanya kazi vizuri na kunyimwa nafasi ya kuirudia.

Na Briscoe hakuwa peke yake. Mwaka 1970, wanasosiolojia wawili, John Loy na Joseph McElvogue, walichapisha uchunguzi juu ya nafasi ambazo weupe na weusi wanachezeshwa katika michezo ya Marekani. Walionyesha kwamba kadiri nafasi inavyokuwa ya katikati, ya kuamua na kuwasiliana, ndivyo weusi wanavyokuwa wachache. Hiyo haikuwa bahati mbaya ya kocha mmoja, ulikuwa mtambo. Kijana mweusi anafika chuo ni kwotabeki, anatoka chuo wanamwambia: una mbio, kuwa mpokeaji. Ukikubali unakula. Ukikataa, angalia Warren Moon. Moon alikuwa mchezaji bora wa Rose Bowl ya Januari 1978 na chuo kikuu cha Washington. Alikataa kugeuzwa. Drafti ikapita nzima, hakuna timu hata moja iliyomchukua. Akaenda Edmonton, Kanada, akachukua kombe la Grey Cup mara 5 mfululizo, 1978 mpaka 1982. Njo pale NFL ikamkumbuka. Mwaka 2006 aliingia kwenye Jumba la Mashujaa kule Canton, kwotabeki mweusi wa kwanza kuingia humo.

Kwa hiyo mtu akiniuliza "kijana aliyegeuzwa atatoboa?", mimi nauliza kwanza nani alimgeuza, na kwa sababu gani. Yaya hapendi jibu hilo. Anasema: "We unaleta siasa, mimi nataka kujua kama atadaka mpira." Sawa, tuongee mpira tu. Hata pale ambapo rangi haikuwa sababu, historia bado inasumbua wenye haraka.

Chukua watu wawili waliocheza vyuo vya huko huko Ohio, yaya awajue vizuri. Wa kwanza ni Julian Edelman. Alikuwa kwotabeki wa Kent State, mfupi, mweupe, hakuna mtu aliyemtaka kama kwotabeki NFL. New England Patriots walimchukua mwaka 2009, mtu wa 232 katika drafti, karibu na mwisho kabisa. Wakamfanya mpokeaji. Mwaka wa kwanza alidaka 37. Wa pili, 7. Wa tatu, 4! Mwaka huo wa tatu wakakosa hata walinzi, wakamtuma upande wa ulinzi. Wa nne, 21. Niambieni sapota gani mwenye akili alikuwa bado anamtetea mwishoni mwa mwaka wa nne. Mwaka wa tano, 2013, alidaka 105 kwa yadi 1,056. Februari 2019 alikuwa mchezaji bora wa Super Bowl, mipira 10, yadi 141. Na katikati hapo, Januari 2015, kwenye mechi ya mtoano na Baltimore, alipokea mpira, akasimama, akaurusha yadi 51 kwa Danny Amendola, tachidauni. Ile mizizi ya ukwotabeki ilikuwa bado hai chini ya udongo.

Wa pili ni Terrelle Pryor, aliyekuwa kwotabeki wa Ohio State, na huyo alikuwa kinyume kabisa: mrefu, mita 1.93, ana mbio za swala. Oakland walimchukua 2011 kama kwotabeki, na Oktoba 2013 alikimbia yadi 93 mpaka mwisho mbele ya Pittsburgh. Lakini urushaji haukutulia, timu zikamwacha mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2015 akakubali mwenyewe kugeuzwa mpokeaji, akatua Cleveland, ambao nao walimwachilia, wakamrudisha. Msimu wa 2016 njo yaya alipagawa. Septemba ile dhidi ya Miami, Pryor alidaka yadi 144, akarusha mipira kama kwotabeki, akakimbia tachidauni, yote katika mechi moja. Alimaliza mwaka na mipira 77, yadi 1,007. Timu yenyewe ilishinda mechi 1 tu kati ya 16, kwa hiyo Pryor alikuwa mti mmoja mbichi katika shamba la ukame. Yaya alinitumia sauti: "Si nilikwambia? Huyu ameshatoboa, mpaka kustaafu!" Mwaka uliofuata Pryor alikwenda Washington kwa kontra ya mwaka 1. Akadaka 20, yadi 240, akaumia kifundo cha mguu. Hakurudi tena pale alipokuwa.

Mnaona shida ya neno "kutoboa"? Edelman aliwasubirisha miaka 4, kisha akakaa. Pryor alitoboa kwa mwaka 1, na tundu likazibika. Mimi nadhani tofauti kubwa ni mahali. Edelman alibaki timu moja, kocha mmoja, kwotabeki mmoja, Tom Brady, aliyefanya naye mazoezi mpaka hesabu ya hatua ikawa ndani ya damu. Pryor alibadilisha timu sawa mtu anabadilisha nyumba za kupanga. Mti uliopandikizwa hauhamishwi kila msimu, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua.

Juu ya mbio, ambayo ndiyo hoja ya kwanza ya masapota wote, nitapita haraka. Bob Hayes alishinda dhahabu ya mita 100 Tokyo mwaka 1964, na mwaka 1965 alikuwa Dallas Cowboys anadaka 46 kwa yadi 1,003 na tachidauni 12, mgeni wa kwanza. Watu wanamtaja kila mara. Hawataji kwamba Hayes alikuwa amecheza mpira ule ule chuoni. Renaldo Nehemiah, mtu wa kwanza kukimbia mita 110 za kuruka vizuizi chini ya sekunde 13, aliingia San Francisco mwaka 1982 bila kuucheza chuoni. Miaka 3, mipira 43, akarudi kwenye riadha. Devin Hester wa Chicago aliingia kama mlinzi na mrudishaji wa mipira, na katika kurudisha hakuna aliyemfikia: mpira wa kwanza kabisa wa Super Bowl ya Februari 2007 aliurudisha yadi 92. Mwaka huo Chicago wakamgeuza mpokeaji, na kila kiangazi masapota wao waliimba wimbo wa yaya. Mwaka wake bora, 2009, alipata yadi 757. Siyo aibu, lakini siyo kutoboa. Aliingia Jumba la Mashujaa mwaka 2024 kwa kazi yake ya zamani, kurudisha mipira, na pengine ile miaka ya kumgeuza iliwaibia watu raha kidogo.

Kwa wale wanaouliza kama kuna mtoto wa kwetu katika mambo haya: yupo, ingawa hakuwa mpokeaji. Tshimanga Biakabutuka alizaliwa Kinshasa mwaka 1974, akakulia Quebec, na Novemba 1995 akiwa na chuo kikuu cha Michigan alikimbia yadi 313 katika mechi moja dhidi ya Ohio State. Carolina walimchagua wa 8 katika drafti ya 1996. Nilipomwambia yaya, alinyamaza sekunde nzima, juu yeye ni sapota wa Ohio State.

Sasa niseme langu, fupi, mtanisamehe. Nilipomaliza lisansi ya agronomia, shirika moja liliniita. Kwenye karatasi iliandikwa kazi ya kufuatilia mashamba. Nilipofika, walisema kwa muda kidogo nisaidie depo, nihesabu magunia ya mbegu. Ule muda kidogo ulikuwa miezi 14. Nilihesabu vizuri, wakanisifu kwa kuhesabu. Mikutano ya mashamba ilikuwa inafanyika chumba cha pili, nasikia sauti zao kupitia ukuta wa mbao. Siku moja walileta mbegu za maharage ambazo nilijua hazifai kwa mwinuko wa kule zilikokuwa zinaenda. Nilisema. Mkubwa aliniuliza, kwa upole kabisa: "Magunia ni ngapi?" Nilimjibu ngapi. Sikuwa na siku 3 za majaribio za kuomba, wala shule ya Omaha ya kurudia. Kontra iliisha, nikatoka. Ndiyo maana nilipofika kwenye ile habari ya Briscoe na mikutano ya makwotabeki, niliweka simu chini nikatembea nje kidogo.

Lakini nisijifananishe na shujaa, mimi sikupata yadi 1,036. Na kuhesabu magunia kumenifundisha kitu ambacho fakilte haikunifundisha, mbegu inapotea wapi kati ya depo na shamba, na leo katika kazi yangu ndogo ya miche inanisaidia. Kwa hiyo simlaumu kila anayegeuza mtu. Antwaan Randle El alikuwa kwotabeki mkubwa wa chuo cha Indiana, Pittsburgh wakamfanya mpokeaji mwaka 2002, na katika Super Bowl ya Februari 2006 akiwa mpokeaji alirusha yadi 43 kwa Hines Ward, tachidauni. Mpokeaji hakuwa amewahi kufanya hivyo katika Super Bowl. Pittsburgh walimgeuza, ila hawakumwambia asahau.

Na mtambo ule wa zamani haujafa kabisa. Mwaka 2018 Lamar Jackson alitoka chuo cha Louisville akiwa na tuzo ya Heisman, kwotabeki bora. Bill Polian, mtu mzito aliyewahi kuendesha timu kadhaa, alisema hadharani kijana huyu afadhali awe mpokeaji. Jackson alikataa hata kufanya majaribio ya upokeaji. Makwotabeki 4 walichaguliwa kabla yake, Baltimore wakamchukua wa 32. Mwaka 2019 alichaguliwa mchezaji bora wa ligi kwa kura zote 50, na mwaka 2023 akapewa tena. Polian alikiri kwamba alikosea, na mimi namheshimu kwa hilo. Lakini wakati mwingine nafikiria swali la masapota lingekuwaje kama Jackson angekubali. Wangekaa wanabishana: huyu mpokeaji mpya ana mbio, mwaka huu atatoboa ama hatatoboa? Pengine angedaka yadi 700, wangesema si mbaya. Hakuna ambaye angejua kilichopotea.

Nilimtumia yaya haya yote, kwa sauti, vipande 5. Nikamwambia pia kwamba zile tachidauni 14 za Briscoe zilibaki rekodi ya Denver kwa kwotabeki mgeni mpaka mwaka 2024, Bo Nix alipoipita. Miaka 56. John Elway mwenyewe alipita pale na hakuifikia.

Alijibu asubuhi, akitoka kazini, sauti imechoka: "Sawa, professeur, nimesikia. Lakini huyu kijana wa kwetu jana mazoezini ameangusha mipira 3."

Nikamuuliza chuoni alicheza nafasi gani.

"Ngoja," akasema, "hiyo sijaangalia."